Kompyuta mpakato si ya kupakatwa

Wiki hii tumeona tuzungumzie chombo ambacho miaka ishirini iliyopita kilikuwa mikononi mwa maofisa wachache tu, na leo kimeingia mpaka vyumbani mwetu tunamolala. Nacho ni kompyuta mpakato, hasa zile nyembamba, nyepesi na za bei kubwa. Ukipita asubuhi Barabara ya Kenyatta au Makongoro hapa Mwanza utamwona mwalimu, mhasibu wa kiwanda cha samaki, mwanafunzi wa chuo na dalali wa viwanja, kila mmoja na mkoba wake mwembamba mgongoni. Jioni mkoba ule ule unafunguliwa sebuleni, na usiku unafunguliwa kitandani.

Kwanza tuseme uzuri wake. Kompyuta ya mwanzo ya kubebeka iliyouzwa kwa wingi, Osborne 1, ilitoka Marekani mwaka 1981 nayo ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, yaani zaidi ya ndoo ya maji ya lita kumi. Januari 2008 Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliichomoa kompyuta ya MacBook Air ndani ya bahasha ya karatasi mbele ya hadhara. Ilikuwa na kilo 1.36 tu. Leo kampuni nyingi zinatengeneza za kilo moja na ushei.

Kwa mkazi wa Mwanza wepesi huu si anasa. Mji wetu umejengwa juu ya miamba. Wapo wanaokaa milimani kule Mabatini, Igogo na Bugarika, ambako bodaboda inaishia chini na mwenye nyumba anamalizia safari kwa miguu, akipanda kati ya mawe. Mtu wa namna hii akibeba kilo tatu za kompyuta ya zamani, pamoja na chaji yake nzito, kila siku kwenye bega moja, lazima bega na kiuno vimdai. Kompyuta nyepesi imempunguzia adha hiyo, na hilo ni jambo jema kwa afya.

Lakini ndugu msomaji, wepesi huo huo ndio mtego. Kompyuta nzito ilikaa mezani kwa sababu haikuwa na pa kwenda. Ulipotaka kuitumia ulivuta kiti, ukakaa, na ulipochoka uliiacha pale pale. Hii nyepesi inakufuata kwenye kochi, kwenye mkeka, mapajani, ndani ya chandarua. Mzigo ulioondoka begani haukupotea. Umehamia shingoni, machoni na kwenye mapaja. Tuangalie sehemu moja moja, na namna ya kujikinga bila gharama kubwa.

Shingo: mzigo usiouona

Kompyuta ya mezani ina kioo peke yake na kibodi peke yake. Kioo unaweza kukiweka juu mbele ya macho, na kibodi ikabaki chini karibu na mikono. Kompyuta mpakato vimeunganishwa kwa bawaba. Ukiiweka chini ili mikono istarehe, shingo inainama. Ukiipandisha ili shingo inyooke, mabega yananyanyuka. Kila namna kuna kiungo kinachoumia, na walio wengi huchagua kuinamisha shingo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo tano hivi. Kikikaa wima juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokivuta kisianguke. Mwaka 2014 Dk. Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alichapisha hesabu za mzigo huo. Kwa mujibu wa hesabu zake, mtu akiinamisha kichwa kwa nyuzi 15 shingo inabeba kama kilo 12. Nyuzi 30 kama kilo 18. Na nyuzi 60, kama anavyoinama mtu aliyeweka kompyuta kwenye mkeka, hufikia kilo 27. Hizo ni hesabu za mfano wa mwili na si vipimo vya kila mtu, lakini zinatupa picha. Gunia la kilo 25 za unga hakuna anayekubali kulibeba shingoni kwa saa tatu, ila anapovinjari intaneti huku kainama anafanya jambo linalokaribiana na hilo bila kujua.

Dawa yake ni rahisi. Kama kazi yako inazidi saa moja kwa siku, tafuta kibodi ya pembeni na kipanya, kisha inua kompyuta yenyewe. Si lazima ununue kibao cha chuma kutoka dukani. Vitabu vinene vitatu vinatosha, au mwambie fundi seremala akukatie kibao chenye mwinamo, kilicho wazi chini ili hewa ipite. Pima hivi: ukikaa wima na kutazama mbele, macho yakutane na ukingo wa juu wa kioo. Viwiko vikunjike kama herufi L, na nyayo ziguse chini. Kama kiti ni kirefu, weka boksi au tofali chini ya miguu.

Asiyekuwa na kibodi ya pembeni asikate tamaa. Afanye kazi mezani, ailaze nyuma kioo kidogo, aegemee kiti vizuri, na ainuke kila baada ya nusu saa. Anayeswali Adhuhuri na Alasiri kwa wakati amekwisha kupata vipumziko viwili. Abakishe kuongeza vingine katikati yake.

Jina lisikudanganye

Waliotoa jina la mpakato walilitoa kwenye kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama anavyompakata mwanawe. Jina ni zuri, ila lisichukuliwe kuwa ni maelekezo ya matumizi. Watengenezaji wengi, katika vijitabu vya maelekezo ambavyo hatuvisomi, wanaonya kuwa isikae juu ya ngozi kwa muda mrefu na kwamba iwekwe mahali pagumu na bapa penye hewa.

Sababu ni joto. Kompyuta nyembamba mara nyingi ina bodi la chuma, na bodi hilo lenyewe ndilo linalotoa joto nje. Nyingine hazina feni kabisa. MacBook Air, kwa mfano, haina feni tangu toleo la Novemba 2020. Ni kweli kwamba nyingi za leo hazichemki kama za zamani, lakini ukiifungulia kazi nzito, au ukitazama picha za video kwa muda huku inachaji, chini yake utapasikia pamoto.

Joto hilo halikuunguzi papo hapo, na hapo ndipo penye hatari, kwani linapika ngozi polepole bila maumivu makali. Oktoba 2010 madaktari wa Uswisi waliandika katika jarida la Pediatrics habari ya mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akicheza michezo ya kompyuta kwa saa kadhaa kila siku kwa miezi, kompyuta ikiwa pajani. Paja lake la kushoto lilitokea mistari iliyopishana kama wavu wa dagaa. Wazee wanaoota moto wa kuni wakati wa baridi hupata alama za namna hiyo kwenye miguu. Kwenye ngozi nyeusi alama huwa ya kahawia iliyokoza. Ukiiacha kompyuta mapema alama hufifia, lakini ikiendelea kwa miaka mingi madaktari wanahofia kuwa ngozi hiyo inaweza kuja kupata saratani. Kwa hiyo ukiona wavu pajani usipake dawa tu, ondoa kinachouchora.

Kwa wanaume lipo jambo jingine, nalo tulitaje kwa staha lakini kwa uwazi. Mbegu za uzazi hutengenezwa mahali palipo nje ya mwili kwa hekima maalumu: zinahitaji ubaridi kidogo kuliko mwili wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, waliwapima wanaume 29 waliokaa saa nzima na kompyuta mapajani, magoti yakiwa yamebanwa ili isidondoke. Joto la sehemu hizo lilipanda kwa nyuzi mpaka 2.8 za sentigredi. Walirudia uchunguzi, na matokeo ya mwaka 2011 yalionesha kuwa nyuzi moja nzima hupanda ndani ya dakika 11 tu magoti yakiwa yamebanwa, na kwamba kuweka mto au kibao katikati hakukusaidia sana. Muhusika aliyetanua miguu alifika nyuzi hiyo moja baada ya dakika 28.

Tuwe waadilifu: tafiti hizo zilipima joto, hazikuhesabu watoto. Haijathibitishwa kwamba kompyuta peke yake inamfanya mtu awe tasa. Lakini wana ndoa wengi wanahangaika huku na huko kutafuta mtoto, wakitoa fedha nyingi kwa waganga na kwa vipimo, na mara nyingi lawama anabebeshwa mwanamke. Kama mume anakaa saa nne kila usiku na joto mapajani, kuihamishia kompyuta mezani ni hatua isiyogharimu hata senti.

Kitandani na ndani ya chandarua

Kanda yetu ya Ziwa ina malaria nyingi, na kulala ndani ya chandarua chenye dawa ni lazima. Ndiyo maana vijana wengi, giza likiingia na mbu wakianza kuimba, huingia chandaruani na kompyuta zao. Tunawaunga mkono katika kukimbia mbu, ila mambo matatu yaangaliwe.

La kwanza, usiiweke juu ya godoro, shuka au mto. Nguo huziba matundu ya kupitisha hewa, na isiyo na matundu huzuia joto kutoka. Betri za kompyuta hizi ni za lithiamu, na adui yake mkubwa ni joto. Watengenezaji wengi wanashauri zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35 za sentigredi. Hewa ya Mwanza mara nyingi haifiki huko, lakini chini ya blanketi au ndani ya gari lililoegeshwa juani hupita.

La pili, usilale huku inachaji kitandani. Betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kuwaka moto, na chandarua na godoro ni vitu vinavyoshika moto haraka. Chaji ukiwa macho, mezani au sakafuni kwenye saruji.

La tatu, ijue dalili ya betri iliyovimba. Kompyuta ikianza kuyumba juu ya meza iliyo sawa, kifuniko kikakataa kufunga vizuri, au kibao cha kuendeshea mshale kikanyanyuka au kikawa kigumu kubonyea, usidhani ni kasoro ya bodi. Izime, ichomoe kwenye umeme, usiibonyeze irudi, wala usiitoboe ili "itoe hewa". Ipeleke kwa fundi anayeaminika aibadilishe. Betri ya zamani isichomwe jaani wala kutupwa kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Moshi wake ni sumu, na maji ya ziwa ndiyo tunayokunywa.

Kuhusu usingizi hatutasema mengi. Mwanga wa kioo usiku huuchelewesha mwili kujiandaa kulala, na habari unazosoma zinaiamsha akili zaidi ya mwanga wenyewe. Funga kompyuta angalau saa moja kabla ya kulala. Anayetaka kuamka Alfajiri anajua thamani ya saa hiyo.

Macho yanasahau kupepesa

Wengi wanalalamika macho kuwasha, kuwa mekundu au kutoa machozi baada ya kutwa nzima kwenye kompyuta, na wanadhani mionzi ya kioo inawapofusha. La hasha. Kisababishi kikubwa ni kwamba mtu anayekodolea kioo anasahau kupepesa. Wataalamu wa Japani walichapisha mwaka 1993 vipimo vyao: mtu aliyetulia alipepesa mara 22 kwa dakika, akisoma kitabu mara 10, na akitazama kioo cha kompyuta mara 7 tu. Kope ndizo zinazolipaka jicho machozi. Zisiposhuka, jicho linakauka, na kama feni au upepo wa ziwani unakupiga usoni linakauka zaidi.

Fanya yafuatayo:

1. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, huku ukipepesa taratibu. Mji wetu umejaaliwa vya kutazama: ukiwa karibu na maji tazama Jiwe la Bismarck au Kisiwa cha Saanane, na ukiwa ndani tazama mlima wa mawe dirishani.

2. Kioo kiwe umbali wa urefu wa mkono. Maandishi yakiwa madogo, yakuze; usisogeze uso.

3. Usikae ukilitazama dirisha wala usilipe mgongo, likae ubavuni. Kioo cha kompyuta hizi za bei mara nyingi kinang'aa kama maji, na ukiwa ufukweni mwanga wa ziwa unaakisi mpaka huoni herufi. Hapo mtu hukunja uso na kuinama bila kujijua.

4. Geuza feni isikupulize usoni.

Waliopita miaka 40 wana tatizo la ziada. Miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, nayo kompyuta iko sentimita 60 au zaidi. Ukivaa miwani hiyo utasogeza uso mbele ili uone, na shingo italipa. Ukienda kupima macho mwambie mtaalamu kuwa unatumia kompyuta, na mpime kabla kwa rula umbali unaokaa nayo.

Tahadhari pia usiuziwe kisichokusaidia. Siku hizi inauzwa miwani inayodaiwa kuzuia mwanga wa bluu wa kompyuta. Mwaka 2023 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilipitia majaribio 17 ya miwani hiyo na haikukuta kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida, walau kwa muda mfupi uliochunguzwa. Fedha yako bora uinunulie kibodi ya pembeni.

Kwa watoto, jambo la muhimu zaidi ni kuwatoa nje. Tafiti nyingi zimeonesha kuwa mtoto anayecheza nje mchana kwenye mwanga wa jua hupungukiwa na uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Basi kompyuta ya baba isigeuzwe yaya.

Umeme unaotekenya

Watumiaji wengi wa kompyuta za bodi la chuma wamewahi kuuona mshangao huu. Kompyuta iko kwenye chaji, mtu kakaa peku sakafuni, akipitisha kiganja juu ya bodi anasikia mtekenyo, kama chuma kinatetema. Wengine hudhani ni kompyuta mbovu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kichwa cha chaji kinapunguza umeme wa ukutani, ambao hapa nchini ni volti 230, na katika kufanya hivyo huachia chembe ndogo ya umeme kufika kwenye bodi. Ukitumia waya wenye pini tatu, na nyumba ikiwa na waya wa ethi uliofika ardhini, chembe hiyo hupita huko. Ukitumia plagi ya pini mbili haina pa kupita, basi inapitia kwako, hasa ukiwa peku kwenye saruji. Kwa chaji halisi kiasi hicho ni kidogo mno na hakidhuru. Lakini mtekenyo ukiwa mkali, au ukikupiga na kukustua, chomoa mara moja. Inawezekana chaji ni ya bandia au nyumba ina kasoro ya nyaya. Chaji ya bandia ya bei rahisi ndani yake haikutenganishwa vizuri kati ya umeme wa ukutani na ule unaoingia kwenye kompyuta, na hiyo inaweza kuua.

Hapa tuna tabia mbaya ya kuikemea. Kompyuta zinazoletwa kutoka Marekani au Ulaya huja na plagi ya pini mbili isiyoingia kwenye soketi zetu. Mtu huchukua kalamu au kijiti, akachokonoa tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha akasukumiza plagi. Mchezo huo unafanywa mbele ya watoto, nao wanajifunza. Kesho watachokonoa kwa msumari. Nunua waya wenye pini tatu za mraba unaolingana na chaji yako. Angalia kwanza kama kwenye kichwa cha chaji kumeandikwa 100–240V. Kikiwa hivyo kinafaa kwa umeme wetu.

Na usishike chaji wala soketi kwa mikono iliyolowa. Wengi wetu tunatoka kutawadha na kurudi moja kwa moja kwenye kazi huku maji yanachuruzika viwikoni. Jifute kwanza.

Usafi: wadudu, makombo na mikono

Mwenye kukaa kandokando ya Ziwa Victoria anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama wingu la moshi, hasa siku zinazozunguka mwezi kuandama. Hawaumi, lakini wanapenda mwanga, na usiku kioo cha kompyuta kikiwa ndicho taa peke yake chumbani, wote wanakuja kwake. Wanaingia kwenye kibodi, kwenye matundu ya pembeni, na wakifa wanageuka unga unaoweza kumsumbua mwenye pumu au mzio. Dirisha liwe na wavu, na taa ya chumba iwake. Punguza mwanga wa kioo. Wakishaingia usiwafute kwa kidole, watapasuka na kupakaza. Zima, iinamishe kompyuta, uipepee kwa brashi laini kavu.

Anayependa kukaa nje jioni apate upepo na mtandao mzuri, ajue kuwa hao wasiouma hawaji peke yao. Mbu wa malaria naye huanza kazi usiku. Vaa nguo inayofunika miguu, au ingia ndani mapema. Na yule anayependa kufanyia kazi kwenye mawe ya ufukweni huku miguu imetumbukia majini, akumbuke kichocho hakiulizi kama una kompyuta ya bei gani.

Tuje kwenye chakula. Kula juu ya kibodi ni kulisha sisimizi na mende, nao huzaliana ndani ya vifaa vyenye joto. Mafuta ya sato wa kukaanga yakikauka kwenye vibonyezo hunasa vumbi na uchafu wa mikono. Kibodi hushikwa kutwa nzima, na mara nyingi na watu kadhaa: wewe, mwenzako ofisini, mtoto nyumbani. Nchi yetu inajua gharama ya mikono michafu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi Bara mpaka Zanzibar. Hatusemi kompyuta ndiyo iliyouleta, la. Tunasema mkono uliotoka chooni, ukapitia kwenye kibodi, kisha ukashika tonge, ni njia ile ile. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula hata kama ulikuwa "unaandika tu".

Namna ya kuisafisha mara moja kwa wiki:

1. Izime kabisa, chomoa chaji na kila kilichochomekwa.

2. Kioo kifute kwa kitambaa laini cha kufutia miwani kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi na kukamuliwa. Usitumie karatasi ya chooni wala kanga yenye mchanga, vitakwaruza.

3. Kibodi na bodi vifute kwa kitambaa chenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 70, inayopatikana kwenye maduka ya dawa. Mimina kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kompyuta.

4. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, mafuta ya taa wala sabuni ya unga.

5. Iache ikauke ndipo uiwashe.

Chai ikimwagika, usingoje kuona kama itapona yenyewe. Izime papo hapo, chomoa, igeuze kifudifudi kama hema ili maji yatoke, uipeleke kwa fundi. Kuianika juani au kuizika kwenye mchele hakusaidii. Sukari ya chai inabaki ndani na kula chuma.

Lini umwone daktari

Maumivu madogo ya shingo na macho hupungua ukirekebisha mkao kwa wiki mbili tatu. Lakini usingoje ukiona dalili hizi: ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku, ambayo ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na huwapata zaidi wajawazito na wenye kisukari, maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi mkononi na kuudhoofisha, kichwa kinachouma kila siku, jicho linaloona ukungu au vivuli ghafla, na mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya kukaa saa nyingi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi watakuandikia rufaa Bugando, ambako kuna madaktari bingwa wa macho na mifupa.

Ndugu msomaji, kompyuta nyepesi ni chombo kizuri, na aliyeipata kwa jasho lake aifurahie. Ila asiliache jina liamue pa kuiweka. Aibebe mgongoni akipanda mlima, aiweke mezani akifika, na usiku ailaze mbali na kitanda chake. Leo hii kabla hujaifungua, tafuta vitabu vitatu vinene uvipange mezani. Ukishafanya hivyo umekwisha kuanza tiba.

Tukutane wiki ijayo, Insha Allah.